Je, Wajua? Tovuti Hukukumbuka kwa Namba

Mkulima wa alizeti wa Singida anatafuta kwenye simu bei ya mashine ya kukamua mafuta. Kesho yake anafungua matokeo ya timu ya Singida Black Stars, na mashine ileile imetokea pembeni. Si uchawi. Ni vidakuzi.

Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo tovuti hukiomba kivinjari kiyatunze: jina, namba ya utambulisho, anwani ya tovuti na tarehe ya kufutwa. Kwa kawaida hakizidi baiti 4,096, hivyo picha haienei humo. Ni kama stakabadhi ya ghala wanayopewa wauza dengu: karatasi iko mfukoni, mzigo uko ghalani, yaani kwenye seva. Anayeiba kidakuzi cha akaunti iliyo wazi anaweza kuingia bila nywila.

Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni vidakuzi mwaka 1994 ili duka la mtandaoni likumbuke kapu la mteja. Matangazo yalidandia baadaye.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Hata hivyo, sheria haitoshi: kwenye kompyuta ya steshenari, anayesahau kutoka kwenye akaunti yake humwachia mteja anayefuata mlango wazi.