GTX 750 Ti au GT 1030: kadi ipi kwa kompyuta ya Mocímboa da Praia?

Chukua kijana wa Palma au Mocímboa da Praia anayetaka kufungua kibanda cha gemu, au kuhariri video za harusi. Kompyuta mpya haishikiki kwa bei, kwa hiyo atanunua iliyotoka ofisini, tuseme Dell OptiPlex 7010, iliyopita Kariakoo na Mtwara ikavushwa mto Ruvuma, au iliyopanda kutoka Nacala hadi Pemba. Ni mashine imara, lakini prosesa yake ya Intel ya kizazi cha tatu ni dhaifu kwa picha. Lazima aiongezee kadi ya grafiki, na kwa mfuko mdogo majina mawili yatamjia mbele: GeForce GTX 750 Ti, iliyotoka Februari 2014, na GeForce GT 1030, iliyotoka Mei 2017.

Wengi watakimbilia ya 2017 kwa sababu ni changa na namba yake ni kubwa. Wasome kwanza. GTX 750 Ti ina viini 640, memori ya GDDR5 ya gigabaiti 2 na njia ya biti 128, inayopitisha gigabaiti 86.4 kwa sekunde. GT 1030 ina viini 384, memori ya aina hiyohiyo na ukubwa uleule, lakini njia yake ni ya biti 64 na inapitisha gigabaiti 48 tu. Ni sawa na majahazi mawili yenye shehena ileile, moja likiwa na nusu ya wapagazi. Ndiyo maana kwenye gemu kadi kongwe humtangulia mdogo wake. Hata bei za mwanzo zilisema hivyo: dola 149 kwa ya 2014, na takriban dola 70 kwa ya 2017. Kwa dola moja kuwa metikali 64 hivi, hizo ni kama metikali 9,500 na 4,500. Leo zote mbili zinauzwa zikiwa zimetumika, na muuzaji akikusifia "giga mbili" hajakwambia kitu, maana zote zinazo.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya jina moja. Mwaka 2018 ilitoka GT 1030 nyingine yenye memori ya DDR4 badala ya GDDR5. Jina ni lilelile, boksi linafanana, lakini njia inapitisha gigabaiti 16.8 tu kwa sekunde, na kwenye gemu nyingi kasi huanguka hadi karibu nusu. Kwa maoni yangu, kuziuza mbili hizo kwa jina moja ni kumdhulumu mnunuzi. Boksi lisipoandika GDDR5, iache.

Sasa umeme, na hapa ndipo pwani yetu inapotofautiana na Maputo au Dar es Salaam. Kituo cha umeme cha Awasse kilipoharibiwa vitani mwaka 2020, wilaya za kaskazini zilikaa gizani kwa muda mrefu, na waliorudi makwao wengi walirudi na paneli za sola. GTX 750 Ti ikifanya kazi kwa nguvu zote hula wati 60. GT 1030 ya GDDR5 hula 30. Kwa mwenye umeme wa gridi, ule wa Credelec, tofauti ya wati 30 kwa saa nane kila siku ni kama uniti 7 kwa mwezi, mzigo unaobebeka. Kwa mwenye betri ni habari nyingine. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya asidi usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo una 600. Tuseme kompyuta na skrini yake vinakula wati 80. Ukiongeza GTX 750 Ti utacheza saa nne na robo. Ukiongeza GT 1030 utakaribia saa tano na nusu, kabla ya kutoa kinachopotea kwenye inveta. Saa moja na zaidi kila jioni ni pesa ya wateja. Anayetegemea sola namshauri achukue GT 1030 bila kusita.

Kisha pima kasha. OptiPlex 7010 ndogo ina pawasaplai ya wati 240, haina waya wa ziada wa kulisha kadi, na haipokei kadi ndefu kwenda juu. GTX 750 Ti nyingi hujitosheleza kwa umeme wa tundu la ubao, ila baadhi zimewekewa kichwa cha pini sita; hizo hazikufai. Fupi zake zilitengenezwa, lakini ni adimu. GT 1030 fupi ni nyingi, na nyingine hazina feni kabisa. Mji ukiwa ufukweni, chumvi na mchanga huua feni mapema, kwa hiyo bamba tupu la kupozea ni faida ya kweli.

Lakini GT 1030 haitoi VGA. Mwenye skrini ya zamani atahitaji kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, na gharama hiyo aihesabu mapema. GTX 750 Ti nyingi zina VGA au DVI-I, na hiyo ya pili hugeuzwa kwa kichwa cha bei ndogo.

Mhariri wa harusi ana neno lake pia. GTX 750 Ti ina sakiti maalumu ya kusimba video za H.264, inayofupisha muda wa kutoa kazi iliyokamilika. GT 1030 haina. Kwa kutazama filamu za H.265 zinazozunguka kwenye flashi, mambo yanageuka: GT 1030 inazifungua kwa sakiti yake, 750 Ti haina sakiti hiyo. Kwa harusi, chukua 750 Ti.

Ukikuta "GTX 1050 Ti" kwa bei ya hizi mbili, kuwa macho. Zipo kadi za kale za GTS 450 na GTX 550 Ti zilizobadilishwa programu ya ndani zijitangaze kwa jina hilo. Programu ya bure ya GPU-Z huwatambua wengi wa waongo hao. Iweke kwenye flashi pamoja na draiva, kwa sababu draiva ni mamia ya megabaiti na bando la Movitel au Vodacom litaisha haraka. Nvidia ilifunga masasisho ya kawaida ya kadi zote mbili Oktoba 2025, ikabakiza ya usalama hadi Oktoba 2028, kwa hiyo uchanga wa GT 1030 hauipi nafuu hapo. Mwombe muuzaji aichomeke mbele yako, uendeshe gemu kwa nusu saa, utazame skrini kama ina mistari au madoa. Fanya hivyo Mtwara au Pemba, kabla ya kulipa. Ukishafika Mocímboa, kurudisha kadi mbovu kunaweza kugharimu nauli kubwa kuliko bei ya kadi yenyewe.