Flashi Inapochoka, Kipimo Hunyamaza (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi shirika la RIPE NCC la Amsterdam lilivyoanzisha mradi wa RIPE Atlas mwaka 2010, na jinsi watu wa kujitolea wanavyoweka kifaa kidogo nyumbani au kazini ili kipime mtandao. Kifaa hicho hakichunguzi mawasiliano ya mwenyeji wake. Hutuma ujumbe wake chenyewe na kupima njia uliopitia na muda uliotumia. Leo tutazame maradhi yanayokisumbua sana: flashi kuharibika.

Toleo la tatu la kifaa hiki ni rauta ndogo ya TP-Link MR3020. Hifadhi yake ya ndani ni megabaiti 4 tu, hivyo hutegemea flashi iliyochomekwa ubavuni. Flashi ya kawaida ilikusudiwa kubebea faili, si kuandikwa usiku na mchana. Sehemu zake zina kikomo cha kufutwa na kuandikwa upya, na kikifika huchoka. Hatari nyingine ni stima kupotea kifaa kikiwa katikati ya kuandika. Mpangilio wa faili huvurugika, na mfumo hukataa kuandika tena ili kuzuia uharibifu zaidi. Taa huendelea kuwaka, lakini matokeo hayatumwi.

Mkazi wa Mutomo kule Kitui au Kibwezi kule Makueni anaijua vyema adha ya stima kukatika na kurudi ghafla. Lakini tiba ipo. Zima kifaa, toa flashi, kiwashe bila flashi kikiwa kimeunganishwa na mtandao, ngoja dakika 10, kisha irudishe. Kifaa kitaifuta na kuipanga upya. Ikishindikana, weka flashi mpya. Kinga ni chaja imara na betri ndogo ya akiba.

Je, kazi hii ina faida gani? Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Kipimo kilichoko Nairobi hakiwezi kusimulia hali ilivyokuwa katika miji ya Mwingi au Wote. Mwananchi anayelalamikia huduma mbovu bila takwimu hupuuzwa kwa urahisi.

Kwa hivyo, Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kule Kwa Vonza, vyuo vya ufundi na shule za Kitui na Makueni, ombeni vifaa hivi, kisha mteue mtu wa kuvikagua kila mwezi. Kupokea kifaa bila kukitunza hakutusaidii.