Doa la kijani kwenye sinki: shaba ikiingia kwenye maji ya mtoto

Ukifungua bomba asubuhi na maji yakawa na ladha kama ya sarafu mdomoni, usipuuze. Ukiona na doa la kijani au bluu chini ya koki, huo si uchafu wa kusugua na kusahau. Huenda mabomba ya shaba ndani ya nyumba yako yanaliwa na kutu.

Nyumba nyingi siku hizi zina mabomba ya plastiki, lakini shaba bado ipo kwenye nyumba za zamani na kwenye njia za maji ya moto zinazotoka kwenye hita.

Kwa nini shaba huliwa?

Sababu kubwa ni maji yenye asidi, yaani yenye pH chini ya 6.5. Maji ya mvua yanayokingwa paani huwa na asidi kidogo na hayana chokaa, hivyo huila shaba. Baadhi ya visima navyo vina maji ya namna hiyo. Tatizo huzidi maji yanapolala bombani usiku kucha, na huzidi tena yakiwa ya moto.

Athari kwa afya

Mwili unahitaji shaba kidogo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Ikizidi sana huleta kichefuchefu, kutapika, tumbo kukata na kuharisha, na wengi hudhani ni chakula. Ikiingia kwa wingi kwa muda mrefu huumiza ini.

Mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo yuko hatarini zaidi, kwa sababu hunywa maji mengi kulingana na uzito wake na ini lake bado changa. Wenye ugonjwa wa Wilson, ambao ni wa kurithi, hawawezi kutoa shaba ya ziada mwilini, hivyo waongee na daktari wao kuhusu maji wanayokunywa.

Kuna hatari nyingine isiyo na rangi wala ladha, nayo ni risasi. Mabomba ya shaba ya zamani yalilehemiwa kwa risasi. Marekani ilipiga marufuku jambo hilo kwenye mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Mwaka 2014 mji wa Flint, jimbo la Michigan, ulibadili chanzo cha maji bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu, na risasi ikaingia majumbani. Risasi huathiri ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake.

Kuchemsha hakusaidii

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi shaba wala risasi. Maji yakipungua kwa mvuke, madini hubaki kwenye sufuria yakiwa mazito zaidi.

Fanya hivi

• Asubuhi, acha maji ya baridi yatiririke dakika moja au mbili kabla ya kuchota ya kunywa. Yale ya kwanza yakinge kwenye ndoo, udekie.
• Maji ya kunywa, kupikia na ya maziwa ya mtoto yatoke bomba la baridi, kisha yachemshe. Usichote ya moto kwenye hita.
• Peleka maabara maji ya kwanza ya asubuhi yapimwe pH, shaba na risasi.
• Bomba likitoboka sehemu zaidi ya moja, usiendelee kuziba. Mwambie fundi abadilishe njia nzima, alehemu kwa madini yasiyo na risasi na asafishe mabaki ya dawa ya kulehemia.
• Shaba isiunganishwe moja kwa moja na bomba la chuma, kwani chuma huliwa haraka. Fundi aweke kiungo cha kuzitenganisha.
• Kama maji yana asidi, chujio lenye mawe ya chokaa huipunguza kabla maji hayajaingia bombani.

Mtoto akitapika au kuharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS yaliyochanganywa na maji salama. Akilegea, akishindwa kunywa au akikaa muda mrefu bila kukojoa, mpeleke hospitali mara moja. Ukifika, mweleze daktari pia kuhusu maji ya nyumbani. Mara nyingi hatuulizi, na jibu linaweza kuwa humo.