Swali Lililotoka Tuwat

Tuwat ni ukanda wa vijiji vya mitende katikati ya Sahara, upande wa kusini magharibi wa Algeria ya leo. Mwanzoni mwa karne ya 17 misafara ya ngamia iliyotoka Timbuktu kwenda kaskazini ilipumzika hapo, na katika bidhaa ilizochukua walikuwamo watu. Jambo hilo lilimtia wasiwasi mkazi mmoja wa huko, Said bin Ibrahim al-Jirari. Miongoni mwa waliouzwa walikuwamo watu wa Bornu, Kano, Katsina na Songhai, nchi zilizojulikana kuwa za Waislamu. Je, kuwanunua ni halali? Na habari ile inayosimuliwa, kwamba watu weusi ni watumwa kwa sababu ni uzao wa Hamu aliyelaaniwa na babaye Nuhu, ina asili gani katika dini? Akaandika maswali yake, akayapeleka Timbuktu kwa Sheikh Ahmad Baba.

Majibu ya mwaka 1615 yanajulikana kwa jina la Mi'raj al-Su'ud. Ni risala fupi ambayo msomaji wa Kiarabu anaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Mimi nimeirudia kwa miaka, kwa sababu imekusanya mahali pamoja mambo manne ambayo vyuo vikuu vya leo huyatafutia fedha za utafiti kila mwaka: rangi, dola, haki na fikra za Kiislamu. Na imeyakusanya kwa namna isiyomridhisha mtu yeyote anayekuja na jibu lake mfukoni.

Aliyeulizwa alikuwa anaijua minyororo. Ahmad Baba alizaliwa mwaka 1556 katika ukoo wa Aqit, Wasanhaja waliotoa makadhi wa Timbuktu kizazi baada ya kizazi. Mwalimu wake mkuu, Muhammad Baghayogho, alikuwa mtu mweusi wa asili ya Kimande, na mwanafunzi wake akamhesabu kuwa ndiye mujaddid, mhuishaji wa dini wa karne yake. Mwaka 1590 Sultani Ahmad al-Mansur wa Moroko alituma jeshi la watu wapatao 4,000 kuvuka jangwa. Songhai, dola lililotawala Timbuktu, ilikuwa na askari wengi kuliko hao mara kadhaa, lakini walikuja na mikuki na pinde mbele ya bunduki, na mwaka 1591 pale Tondibi wakavunjwa. Miaka miwili baadaye wanazuoni wa Timbuktu walikamatwa, nyumba zao zikaporwa, nao wakaswagwa hadi Marrakesh wakiwa wamefungwa. Njiani Ahmad Baba alianguka kutoka juu ya ngamia akavunjika mguu. Alipoteza vitabu 1,600, na kwa maneno yake mwenyewe, katika jamaa zake yeye ndiye aliyekuwa na vichache.

Aliyemfunga hakuwa Mreno wala Mhispania. Alikuwa Mwislamu, tena sharifu, aliyeelekea naye kibla kimoja. Mwanahistoria al-Ifrani wa Moroko, aliyeandika zaidi ya miaka 100 baadaye, anasimulia kwamba Ahmad Baba alipoingizwa kwa sultani alimkuta ameketi nyuma ya pazia. Akakataa kusema naye. Kusemesha watu kutoka nyuma ya pazia, alimwambia, ni jambo Qur'ani ililolitaja kwa Mwenyezi Mungu. Ikiwa una haja nami, toka. Pazia likaondolewa. Kisha akamuuliza kwa nini amemporea vitabu na kumtoa kwao na pingu. Visa vya wanazuoni mbele ya wafalme hunoga kadiri vinavyosimuliwa, lakini ni muhimu kwamba aliyekihifadhi hiki ni mtu wa nchi ya sultani, na ushindi amempa mfungwa.

Baada ya kutolewa kifungoni Ahmad Baba alizuiwa Marrakesh akifundisha, na hakurudi kwao mpaka sultani alipokufa mwaka 1603 na mwanawe kumruhusu. Kwa hiyo barua ya Tuwat ilimfikia mzee aliyewahi kuburutwa katika jangwa hilohilo.

Sasa hoja yake. Sababu pekee ya utumwa katika sharia, anasema, ni ukafiri. Kafiri asiye na ahadi ya amani na Waislamu, akitekwa vitani, anaweza kumilikiwa, awe mweusi au mweupe. Mwislamu aliyezaliwa huru hamilikiwi, awe mweupe au mweusi. Rangi haimo. Kisa cha Hamu anakikataa, na kwa hilo anamtegemea Ibn Khaldun, aliyekwisha kueleza miaka 200 na ushei kabla yake kwamba weusi wa ngozi unatokana na jua na hali ya hewa, si laana. (Msomaji wa Biblia naye akifungua Mwanzo sura ya 9 atakuta laana yenyewe ilimwangukia Kanaani, mwana wa Hamu, na ngozi haikutajwa.)

Kwangu mimi kiini cha risala hakiko katika kukanusha laana, ingawa ndilo jambo linalonukuliwa kila mahali. Kiko katika ushahidi. Sokoni yuko muuzaji anayesema huyu alitekwa kwa haki, na yuko anayeuzwa anayesema mimi ni Mwislamu wa Kano. Hakuna shahidi, vita vilikuwa mbali, na waliomteka hawapo. Neno la nani lishike? Ahmad Baba anafuata hukumu za waliomtangulia, akiwamo Makhluf al-Balbali na kadhi Mahmud wa ukoo wake mwenyewe: mtu anayesema ametoka katika nchi inayojulikana kwa Uislamu aaminiwe, na kazi ya kuchunguza ni ya mnunuzi. Yeyote aliyewahi kukaa mahakamani anajua uzito wa jambo hili. Mzigo wa kuthibitisha umetuliwa kutoka mabegani mwa aliyefungwa, akatwishwa mwenye fedha.

Ukiisoma risala kurasa chache ukaishia hapo, utakuwa umempata shujaa. Ukiendelea, utakuta orodha. Kwa kuwa kipimo ni dini, al-Jirari alihitaji kujua nani ni nani, na Ahmad Baba akampa majina. Watu wa Bornu, Kano, Katsina na Songhai ni Waislamu, hawaguswi. Wamosi, Wagurma, Wadagomba na Wayoruba ni makafiri, wanaweza kumilikiwa. Hapa ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa kwa jina la Wayoruba kuonekana katika maandishi, na limeingia kwa mlango huo: jina la watu wanaouzika.

Kipimo hicho kiliacha pia ufa mwingine. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanazuoni Usman dan Fodio alipowapiga vita wafalme wa Kihausa, ilibidi aijibu orodha ya Ahmad Baba, iliyozitaja Kano na Katsina kuwa nchi za Waislamu. Alijibu kwamba sheikh alihukumu kwa hali ya zama zake, na zama zimebadilika. Wafalme hawa sasa wametoka katika dini. Sheria ileile iliyomkinga mtu wa Kano mwaka 1615 ikawa haimkingi tena, na hakuna hata neno lake moja lililofutwa. Palipobadilika ni katika kuamua nani Mwislamu. Ninawaomba wasomaji wanaoipenda risala hii, nami ni mmoja wao, waushike ukurasa huu wa orodha kwa nguvu ileile wanayoishika nayo ile ya Hamu.

Kusoma hadi ukurasa huo kunagharimu fedha. Hati za Timbuktu nyingi hazikujalidiwa: ni karatasi zilizopangwa na kuvikwa gamba la ngozi ya mbuzi, na hazina namba za kurasa. Kinachoshikilia mpangilio ni neno moja lililoandikwa chini ya ukurasa, ambalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Karatasi zikimwagika, unaketi kitako na kuoanisha neno kwa neno. Mwandiko nao ni wa Kimaghribi, yaani wa Afrika ya kaskazini magharibi. Sisi tuliosomeshwa chuoni huku Pwani tunajua kwamba fa ina nukta moja juu na qaf ina mbili. Kule fa ina nukta moja chini, na qaf ina moja juu, kwa hiyo qaf yao ndiyo fa yetu. Neno "qala", yaani akasema, ambalo katika vitabu vya fiqhi halikosi kila baada ya mistari miwili, mimi wiki ya kwanza nzima nililisoma "fala" na maana ikanipotea. Mtu anahitaji miezi ya kuzoeza macho tu kabla hajaanza kufikiri, na miezi hiyo lazima ale na alipe kodi ya nyumba.

Nani amelipa? Dola la Kifaransa lilifanya kinyume cha kulipa. Mwaka 1890 Kanali Louis Archinard aliiteka Ségou na kuichukua maktaba ya watawala wake; vitabu hivyo, zaidi ya 500, viko Paris katika Maktaba ya Taifa mpaka leo. Timbuktu ilikaliwa mwaka 1894. Baadaye maofisa kama Paul Marty wakaeneza wazo la "Uislamu mweusi", yaani dini ya Waafrika iliyochanganyika na mila, nyepesi, isiyo na elimu ya kuhofiwa. Wazo hilo liliwafaa watawala, nalo lilisimama juu ya vitabu walivyokuwa wamevihamisha wenyewe.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka polepole. UNESCO iliwakutanisha wataalamu Timbuktu mwaka 1967, na mwaka 1973 Mali ikaanzisha kituo cha hati kwa msaada wa Kuwait, kikapewa jina la Ahmad Baba. Mwaka 2000 John Hunwick na Fatima Harrak walitoa Mi'raj al-Su'ud kwa Kiarabu pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Kitabu hicho kilichapwa na chuo kikuu cha Rabat, mji mkuu wa nchi iliyomfunga mwandishi. Mwaka 2001 Rais Thabo Mbeki alizuru Timbuktu, na kutokana na ziara hiyo Afrika Kusini ikajenga jumba jipya la taasisi hiyo, lililofunguliwa mwaka 2009, huku Chuo Kikuu cha Cape Town kikianzisha mradi wa utafiti chini ya Shamil Jeppie. Januari 2013 wapiganaji waliokuwa wameushika mji waliondoka wakiwa wametia moto jumba hilo. Zaidi ya hati 4,000 zilipotea. Nyingine nyingi mno zilikwisha kutolewa mjini kwa siri, katika masanduku ya bati, kwa magari na mitumbwi hadi Bamako, kazi iliyoongozwa na Abdel Kader Haidara.

Kila mfadhili huja na swali lake, na simlaumu kwa hilo. Afrika Kusini iliyotoka kwenye ubaguzi ilitaka kuuonyesha ulimwengu kwamba Afrika iliandika, na ilikuwa na haki ya kutaka hivyo. Baada ya moto wa 2013 wengi walitaka kusikia kwamba Timbuktu ilikuwa mji wa uvumilivu. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa na mfadhili mmoja, kwa adabu kabisa, kwamba ombi langu lingepita kwa urahisi kama ningeiita risala hii tamko dhidi ya ubaguzi na kuiweka orodha ya makabila katika kiambatisho. Nililiondoa ombi. Orodha ndiyo risala. Ukiitenganisha na hoja ya rangi, hutajua hoja hiyo ilimkomboa nani na ilimwacha nani.

Jambo hili linatugusa huku pia. Lamu ya zamani iligawanya watu kwa maneno yake yenyewe: mungwana alikuwa mtu huru wa mji, mshenzi alikuwa mtu wa bara asiye na dini, na kati yao alikuwapo mtumwa. Habib Saleh, mzaliwa wa Komoro aliyefariki mwaka 1936, aliwafundisha katika mtaa wa Langoni wageni, watumwa na waliokuwa watumwa, na wakubwa wa mji walichukia. Miswada ya msikiti wake, Riyadha, ilipigwa picha za kidijitali mwanzoni mwa miaka ya 2010 na mradi wa Anne Bang, kwa fedha za mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Vingi ni vitabu vilivyowekwa wakfu, na jina la aliyetoa wakfu limeandikwa ndani. Picha zipo. Wasomaji wanaolipwa kukaa nazo miezi ile ya kuzoeza macho ndio haba, na sioni kwa nini vyuo vikuu vyetu visubiri London kuwalipa.

Timbuktu imeonyesha kinachopatikana mtu akipewa muda huo. Bruce Hall, aliyetoa mwaka 2011 kitabu juu ya historia ya rangi katika Uislamu wa Afrika Magharibi, alikaa na barua za biashara zilizohifadhiwa katika taasisi hiyohiyo yenye jina la Ahmad Baba. Ni barua za karne ya 19, za Kiarabu. Waandishi wake ni watumwa wa wafanyabiashara wa mji wa Ghadames, waliotumwa kuuza na kununua kwa niaba ya mabwana waliokuwa mbali. Wanahesabu vitambaa na chumvi, wanaeleza bei, wanalalamikia deni lisilolipwa. Ni Waislamu. Uislamu wao haukuwatoa utumwani, kwa sababu kipimo cha Mi'raj kinatazama hali ya mtu siku alipotekwa, wala hakitazami hali yake anapoandika barua. Na barua zao zinaanza kama barua ya al-Jirari ilivyoanza, na kama zinavyoanza barua za wazee wetu: kwa jina la Mwenyezi Mungu, na salamu nyingi kwa anayeandikiwa.