Mfasiri wa Kiholanzi na Kiitaliano: Kiapo Kinamwangukia Nani? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza kwamba tangu Februari 2019 hati za kuzaliwa na za ndoa huvuka mipaka ya Umoja wa Ulaya zikiwa na fomu ya lugha nyingi, na mara nyingi mwenye hati hahitaji tena kulipia tafsiri. Fomu hiyo haigusi hukumu ya talaka, mkataba wa nyumba wala shahada ya chuo. Kwa hizo, mfasiri hakwepeki.

Uholanzi imerahisisha mambo. Sheria ya wakalimani na wafasiri walioapishwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, iliweka daftari la taifa liitwalo Rbtv. Yeyote anaweza kulipekua mtandaoni bila malipo. Wafasiri wamepangwa kwa lugha na kwa mwelekeo: anayetoa Kiitaliano kwenda Kiholanzi si lazima awe ameandikishwa kwa safari ya kurudi, na wateja wengi hulisahau hilo. Waliomo wameapa mahakamani, wamefungwa na wajibu wa kutunza siri, na kila baada ya miaka mitano huomba upya wakionyesha kwamba wameendelea kujifunza.

Italia haina daftari la taifa la namna hiyo. Utaratibu wake bado unaegemea amri ya kifalme ya mwaka 1922. Mfasiri huenda mwenyewe kwa karani wa mahakama, au kwa mthibitishaji, akiwa na hati ya asili na tafsiri yake, akaapa kwamba amefasiri kwa uaminifu, akatia saini. Stempu ya euro 16 hubandikwa kwa kila kurasa nne. Kiapo hicho ni cha hati ile tu. Akileta nyingine kesho, ataapa tena.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji awe macho. Karani wa Italia hapimi ubora wa tafsiri. Anachothibitisha ni kwamba fulani amefika mbele yake na kuapa. Hata mhuri uwe mkubwa kiasi gani, haumwambii mteja kama mfasiri anaijua sheria ya mirathi ya Kiholanzi. Kumpima mfasiri kunabaki kazi ya mteja mwenyewe, nami nauona huo kuwa mzigo usio wa haki kwa mjane au mfanyakazi mhamiaji, na njia ya kuupunguza ni kuanzia kwenye vyama vya wanataaluma. AITI, chama cha wafasiri na wakalimani wa Italia kilichoundwa mwaka 1950, kina orodha ya wanachama inayoweza kutafutwa kwa lugha na fani. Kwa upande wa Uholanzi kipo NGTV.

Kabla ya kumlipa yeyote, iulize ofisi itakayopokea hati inakubali kiapo cha nchi gani. Tafsiri iliyofanywa na mfasiri wa Rbtv inaweza kudaiwa apostili (cheti cha kuthibitisha saini kwa matumizi ya nchi nyingine) ikifika Italia, na hiyo hutolewa na mahakama ya Uholanzi baada ya kuthibitisha saini ya mfasiri.

Mshtakiwa wa kesi ya jinai hana haja ya kuhangaika hivi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 linaitaka serikali impatie mkalimani na kubeba gharama, hata akipatikana na hatia. Juma lijalo tutaingia naye mahakamani.