Fedha ya Kahawa na Kompyuta ya Chuo

Mzazi wa Muleba auzapo kahawa ili mwanawe aende chuoni, kila shilingi ni jasho lake. Haifai fedha hiyo ipotelee katika kompyuta mpakato kuukuu, yenye kung'aa nje na kuchakaa ndani.

Basi kijana afikapo madukani Bukoba, twamshauri aulize kwanza umri wa kompyuta. Kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikubaliwi na Windows 11. Rahisi ya namna hiyo yaweza kuwa ghali. Aliye nayo tayari aweza kutia Linux bila malipo, iwapo masomo yake hayahitaji programu za Windows pekee. Kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya SSD zatosha kwa kusoma na kuandika.

Kisha achomoe waya wa umeme, aitumie nusu saa akitazama betri ishukavyo. Tena waandikiane siku za kuirudisha ikionekana na kasoro. Dini yetu yamtaka muuzaji aidhihirishe aibu ya bidhaa yake. Mnunuzi naye hakukatazwa kufumbua macho.