Moshi wa Jioni Unaoondoka na Bustani Yako

Ikifika saa kumi na mbili jioni, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam moshi huanza kupanda juu ya kuta za nyumba. Si moshi wa jiko la mkaa. Ni majani ya mwembe, ya mkungu na ya mwarobaini yaliyofagiwa tangu asubuhi, yakasogezwa kwenye kona ya uwanja na kupigwa kiberiti. Nguo zilizoanikwa zinanuka, mtoto wa jirani anakohoa. Kesho yake mwenye nyumba huyohuyo anatoka kwenda kununua kiroba cha samadi ili mchicha wake ustawi. Nimeishi katika mitaa hiyo zaidi ya miaka 20, na majani mengi yamechomwa kwa mkono wangu mwenyewe. Leo nasema bila kuzunguka: tunachokiteketeza pale konani ndiyo bustani yenyewe.

Anayetaka kuamini aanze na udongo. Sehemu kubwa ya ardhi ya pwani ni kichanga. Mwaga ndoo ya maji saa mbili asubuhi, urudi saa sita mchana uchimbe kwa kidole, utakuta vumbi. Kichanga hakishiki maji, na chakula cha mmea hakikai ndani yake. Mbolea ya dukani unayoitupia leo, mvua moja kubwa inaishusha chini kusikofikiwa na mizizi ya mchicha. Dawa ya kichanga ni moja tu, nayo ni vitu vilivyooza. Mboji hushika maji kama sifongo, huwapa makazi minyoo na vijidudu vinavyoulainisha udongo, na huachia rutuba yake taratibu.

Majani yakiungua, karibu naitrojeni yote inaruka na moshi. Yanabaki majivu yenye potasiamu na kalisi, navyo vyafaa vikinyunyizwa kidogokidogo, lakini tunaviacha vimerundikana mahali pamoja mpaka mvua ivichukue. Mti ulihangaika mwaka mzima kuvuta chakula kutoka chini kabisa ukakileta juu kwenye majani, nasi tunakimaliza kwa dakika 10.

Sina ugomvi na fagio. Bibi zetu walikuwa na sababu ya kufagia uwanja hadi ung'ae: nyoka akipita usiku, njia yake inaonekana asubuhi, na mbu hawapati majani ya kujificha. Uwanja wa mlangoni ubaki mweupe vilevile. Ninachoomba ni kwamba kilichofagiwa kisiishie kwenye moto, bali kipelekwe kwenye rundo.

Rundo hilo halihitaji fedha. Tafuta mahali penye kivuli, mbali kidogo na ukuta na kisima, penye nafasi ya mita moja kwa mita moja. Chini tandaza makumbi ya nazi au vijiti ili hewa ipite. Juu yake weka vitu vikavu: majani yaliyofagiwa, maranda kidogo kutoka kwa fundi seremala, maboksi yaliyochanwachanwa. Kisha weka vitu vibichi: maganda ya viazi na ndizi, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, majani ya chai, nyasi zilizokatwa, samadi ukiipata. Vikavu viwe mara mbili au tatu ya vibichi. Uwiano huu ndio unaowashinda wengi. Rundo linalonuka na kuvuta nzi limezidiwa na vibichi, kwa hiyo liongezee majani makavu. Lililokaa miezi miwili bila kubadilika ni kavu mno au lina majani matupu. Limwagie maji, ongeza maganda. Majani ya mwembe na ya mkungu ni magumu, hukawia kuoza, hivyo yakatekate kwa panga kwanza. Nyama, mifupa na mafuta usiweke kabisa, maana panya hawahitaji mwaliko wa pili.

Unyevu wake unapimwa kwa mkono. Fumbata konzi moja ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, inatosha. Rundo lenye kimo cha mita moja hupata joto kwelikweli, hata nyuzi 55 hadi 65. Chomeka nondo katikati, iache dakika 10, uitoe. Ikiwa huwezi kuishika kwa raha, kazi inaendelea vizuri, na mbegu nyingi za magugu zinakufa humo ndani. Pindua kila baada ya wiki mbili, cha nje kiingie ndani. Baada ya miezi miwili mitatu utakuta kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama msitu baada ya mvua. Mara ya kwanza kushika konzi ya kitu hicho nilikaa pale chini muda mrefu, nikikumbuka moshi wote wa miaka iliyopita.

Katika tuta la mita moja kwa mita tatu, changanya ndoo nne au tano za mboji kwenye udongo wa juu, kina cha koleo moja. Hapo kuna jambo ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa nchi za baridi havilisemi: tuta la kuinuka ni la masika. Wakati wa kiangazi, kwenye kichanga chetu, tuta lililoinuka hukauka haraka mno. Fanya kinyume, zamisha kitalu sentimita 10 chini ya usawa wa ardhi, ili kila tone litulie humo. Kisha funika udongo kwa matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita tano hivi, bila kugusa shina. Matandazo peke yake yanaweza kukupunguzia safari za ndoo zaidi kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Watu huniuliza waanze na nini. Najibu matembele, tena bila kusita. Kata rando lenye urefu wa sentimita 30, fukia nusu yake, mwagilia. Baada ya wiki tano au sita unaanza kuchuma, na utachuma miezi mingi ukiwa na samadi kidogo tu. Baada ya matembele, mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ili zisidondoke kwa mafungu, zisie kwenye mistari, funika kwa udongo mwembamba sana. Huota ndani ya siku tatu hadi tano, na wiki ya tatu au ya nne unakula. Nunua mbegu kwenye pakiti yenye nembo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini. Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center, kilichoanza 1992, ambacho kimezishughulikia mboga zetu za asili kwa heshima zinayostahili. Aina za mchicha zinazoitwa Madiira zimetoka huko.

Nyanya ziache kwanza. Najua zinapendeza machoni, lakini ndizo zinazowakatisha tamaa wanaoanza. Kuna mnyauko, kuna ukungu wa masika, na tangu 2014 kuna kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa jani na tunda. Zoeza mkono wako kwa bamia, mnafu na kunde kwanza. Wadudu wa mboga hizo, kama vidukari, mara nyingi hudhibitiwa kwa maji ya sabuni ya kipande au majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalowekwa usiku kucha na kuchujwa. Nyunyiza jioni, chini ya jani, na usione uvivu kurudia baada ya siku chache.

Jingine la kuangalia ni kinyesi cha kuku. Mwaka wangu wa kwanza nilikimwaga kibichi juu ya tuta la mchicha, na siku ya tatu ncha za majani zilikuwa zimekauka kama zimepitiwa na moto. Kinyesi kibichi kina amonia na chumvi nyingi, huunguza mizizi. Kipitishe kwenye rundo kwanza. Na ukinunua udongo wa lori, uchunguze kabla haujashushwa, kwani mara nyingi huja na ndago. Ndago ina vinundu chini. Ukiing'oa kwa juu, vinundu vinabaki na vinaota upya. Nimeona bustani iliyohamwa kwa sababu ya ndago ya lori moja.

Sasa nyasi. Siku hizi kila nyumba mpya inataka uwanja wa kijani mbele, na sioni ubaya wake. Mtoto anayeangukia nyasi halii kama anayeangukia zege. Lakini tuhesabu maji. Nyasi za kijani wakati wa kiangazi zinahitaji karibu milimita 25 kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Uwanja wa mita za mraba 50 unakunywa lita 1,250 kwa wiki, zaidi ya ndoo 60 za lita 20. Tuta lako la mboga la mita tatu za mraba, kwa hesabu hiyohiyo, linatosheka na ndoo zisizofika nne. Katika jiji ambalo mitaa mingi hupata maji kwa zamu, hesabu hii ingepaswa kufanywa kabla ya kumwita fundi wa bustani. Weka nyasi pale watoto wanapocheza na wageni wanapokaa. Kwingine panda kinacholiwa.

Na nyasi yenyewe isikusumbue kutafuta. Ukoka ule unaoota kando ya barabara bila kuulizwa na mtu ndio uleule ambao Marekani wanauita nyasi ya Bermuda na kuutunza kwenye viwanja vya mpira na gofu. Kwenye nyanda za juu, kuanzia Kenya ya kati, kuna nyasi iliyochukua jina la Wakikuyu. Nayo ilisafirishwa ikaenea Afrika Kusini na Australia, na leo inafunika viwanja vingi vya huko. Inapenda ubaridi wa Limuru au Lushoto, usiilazimishe Mbagala. Pwani, penye jua panda ukoka kwa vipande, sentimita 15 hadi 20 kati ya kimoja na kingine. Chini ya mwembe ukoka hautakubali, hauvumilii kivuli. Hapo tafuta nyasi ya Pemba, yenye jani pana zaidi.

Kosa kubwa la nyasi ni la kunyoa kipara. Kijana anakuja na fyekeo, anaambiwa akate hadi chini ili asirudi karibuni, na wiki inayofuata uwanja umekuwa wa manjano. Jani ndilo jiko la mmea. Ukiliondoa lote, mzizi unalala njaa. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka ukifika sentimita sita, ukate ubaki na nne. Vipande vilivyokatwa viache palepale, vitaoza na kuirudishia ardhi naitrojeni. Januari na Februari ukiona ukoka umekuwa wa kahawia, usitapetape na mpira wa maji. Mashina yake yaliyo chini ya ardhi yako hai, na mvua ya kwanza itauamsha. Ila uwekee mpaka wa matofali yaliyozikwa kina cha sentimita 15 na zaidi, uukague mara kwa mara, vinginevyo utahamia kwenye mboga. Ule unaoung'oa uanike juani hadi ukauke kabisa kabla ya kuutia kwenye rundo.

Wako watakaosema hawana uwanja. Kibera, Nairobi, watu hulima sukuma wiki kwenye magunia, wakitoboa matundu ubavuni na kuchomeka miche kila upande. Gunia moja hukaa barazani. Sababu ya kulijaza ipo kwetu Dar es Salaam pia: mboga nyingi tunazonunua hulimwa kwenye mabonde ya mjini, na mto kama Msimbazi umekuwa ukipokea majitaka ya nyumba na viwanda kwa miaka mingi. Siwalaumu wakulima wa mabondeni, wanalima palipo na maji. Lakini matembele niliyoyamwagilia kwa maji niliyooshea mchele najua yalikokunywa.

Vuli huisha Desemba, na masika huanza Machi. Katikati yake kuna miezi miwili mitatu, muda uleule unaohitajika na rundo la majani kuwa mboji. Jioni ya leo, ukishafagia, kiache kiberiti jikoni.